Kikaratasi kwenye Koti Nambari Arobaini na Moja

Daktari wa meno alikuja kumposa Kifungo siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na mimi ndiye niliyemleta. Sikumwita, usinielewe vibaya. Ila nikishika uzi kuanzia pale alipokaa, kwenye kiti cha plastiki mbele ya kaunta, nikaufuata mpaka mwisho wake, naukuta umefungwa kwenye kidole changu mwenyewe.

Ngoja nianzie mahali panapoeleweka.

Mama yangu ana duka la fotokopi. Ukuta wa pili wa duka hilo ni wa dobi, na dobi mwenyewe ni baba yake Kifungo, mzee mmoja mrefu, mkimya, ambaye akitoa maneno matatu kabla ya chakula cha mchana unajua leo kaamka vizuri. Tunamwita Mzee Dobi. Mimi shule nilimaliza mwaka jana. Matokeo yangu si mabaya, si mazuri, ni yale ya kukaa nyumbani ukingoja mtu akuambie kitu. Basi nakaa kwa mama, natoa nakala za vyeti vya watu wenye matokeo mazuri. Kifungo naye anapiga pasi kwa baba yake. Jina hilo alilipata akiwa na miaka minne, alipomeza kifungo cha koti la mteja, na nyumba nzima ikakaa siku mbili inakingoja. Kilitoka. Kikaoshwa, kikashonwa mahali pake, na mwenye koti mpaka leo hajui. Mimi wananiita Kamusi, kwa sababu somo pekee nililofaulu bila kusukumwa ni Kifaransa. Mengine yote nilipita kwa huruma ya walimu.

Kifungo alikuwa anatafuta kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja kubwa. Walishamwona, wakampenda, wakamwambia kimebaki kitu kimoja tu, mtihani wa Kifaransa, Jumamosi. Akipita anaanza mwezi unaofuata. Na alikuwa anakijua, si kwamba hakijui. Salamu anazo, saa anazo, kumwelekeza mgeni kwenye lifti anaweza hata akiwa amelala. Kilichokuwa kinamtoa jasho ni kusema mambo ambayo yangetokea lakini hayakutokea. Ningekuja. Ungeniambia. Tungeonana. Hapo ulimi wake ulikuwa unajifunga kama kamba ya kiatu.

Na hapo ndipo nilipoingia mimi na ualimu wangu.

Lakini kwanza uzijue sheria za mle kwa dobi, maana bila hizo hutaelewa jinsi tulivyofika tulipofika. Sheria ya kwanza, hakuna wino. Zamani kalamu ilipasuka juu ya suti nyeupe ya bwana harusi, na tangu siku hiyo Mzee Dobi hataki kuona kalamu ya wino hata kwenye sikio la mteja. Kila kitu kinaandikwa kwa penseli. Sheria ya pili, kitabu na pasi havikai meza moja. Macho yakiwa kwenye kitabu, pasi iko kwenye shati la mtu, anasema mzee, na huwezi kumbishia kwa sababu ana shati lenye alama ya pasi mgongoni, kalitundika ukutani kama picha ya marehemu.

Sasa kila nguo inayoingia mle inabanwa kikaratasi kidogo cha njano kwa pini, ndani ya kifua, upande wa kushoto. Kinaandikwa nambari, mwenyewe, hali ya nguo, na siku ya kuchukuliwa. *Kola imechakaa. Doa la chai, mkono wa kulia. Ijumaa.* Vikaratasi hivyo navikata mimi, kutoka kwenye mabaki ya karatasi za njano za dukani kwetu. Kifungo alipoona kitabu kimekatazwa, akaanza kuandika sentensi za Kifaransa kwenye vikaratasi vilevile. Anabana kimoja kwenye nguo iliyotundikwa mbele yake, macho yanasoma, mikono inapiga pasi. Baba yake akipita, anaona vikaratasi vya kazi, anaendelea na safari yake. Saa saba mchana mimi naingia na penseli yangu ya kijani, nasahihisha. Hiyo penseli ya kijani ndiyo ninayowekea alama karatasi halisi za wateja, nisije nikamrudishia mtu kopi nikabaki na cheti chake. Mtaa mzima hakuna mwingine mwenye penseli ya kijani. Likumbuke hilo.

Nilimfundisha hivi. Nilimwambia jambo ambalo lingetokea halafu halikutokea, Wafaransa wanalisema kwa maneno mawili. La kwanza ni msaidizi, unamvalisha ile *nge* yetu: *j'aurais*. La pili ni tendo lenyewe, likiwa limeshakwisha: *dit*. Ukiweka pamoja, *j'aurais dit*, ningekuwa nimesema. Nikamwonyesha kwa hanga na shati. Hanga kwanza, shati baadaye. Ukiliachia shati hewani bila hanga linaanguka. Na vitenzi vya kuja na kwenda vina hanga yao nyingine, *je serais venue*, ningekuwa nimekuja. Hapo akaniambia kumbe ni rahisi, kumbe walimu walikuwa wanaficha. Siku ile alipiga pasi mashati kumi na tisa akiimba *j'aurais lavé, j'aurais plié, j'aurais repassé*, ningefua, ningekunja, ningepiga pasi, na mzee akauliza binti yake anaimba nyimbo za wapi.

Pakabaki kosa moja, nalo likagoma kutoka kama doa la ndizi. Sisi, mtu akisema kama ungeuliza ningejibu, *nge* anaiweka pande zote mbili. Kila upande umepata wake, hakuna ugomvi. Wafaransa ni wachoyo. *Nge* wanaitoa mara moja tu, kwenye matokeo. Upande wa kama, ule wenye *si*, hawataki kuiona kabisa, pale wanaweka *avais* ya kawaida. Kifungo alikuwa anaiweka kote kote. Nikamrekebisha mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Akaniambia hao watu hawana huruma, mtu amekosa nafasi yake pande mbili, wao wanampa pole upande mmoja.

Nilicheka. Ningetulia badala ya kucheka, ningemwona alivyokuwa ananitazama. Lakini mimi nikishika penseli nakuwa mtu mwingine, najiona bingwa.

Jumatano ya wiki iliyopita niliingia saa saba kama kawaida. Shangazi yake, dada wa mzee, anayekaa kaunta akishona vifungo na kupokea wateja, alikuwa ametoka kwenda kula. Mzee alikuwa nyuma kwenye mapipa ya kufulia. Kifungo alikuwa amezima pasi. Miezi yote mitatu ya somo letu sijawahi kumkuta amezima pasi kabla sijaingia, siku zote namkuta anamalizia kitu. Alikuwa amesimama tu, mikono imeshikana mbele, na kikaratasi hakikubanwa popote. Alinipa mkononi.

Kimeandikwa hivi: *J'aurais dit oui si tu m'aurais demandé*

Ningekubali, kama ungeniuliza.

Unajua nilichofanya? Nilikata ile *aurais* ya pili, nikaandika *avais* juu yake kwa kijani. Nikaweka vema kubwa pembeni. Nikaandika nane juu ya kumi. Nikamwambia, "Umelirudia lile lile."

Halafu akasema, "Hilo tu ndilo uliloliona?"

Nikakitazama tena kile kikaratasi, kwa makini, kama mtu anayejali. "Na nukta umesahau," nikasema, nikaiweka.

Kifungo alikichukua taratibu, akawasha pasi, akanigeuzia mgongo. Nikamuuliza kama ameudhika, akasema ana kazi. Nikarudi dukani nikijisifu kwamba mwanafunzi wangu ana nane, akipunguza haraka atapata kumi. Naona aibu hata kukuandikia. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Yeye kwa hasira akakibana kile kikaratasi kwenye nguo iliyokuwa karibu, bila kutazama. Nguo iliyokuwa karibu ilikuwa koti jeupe la kazi, nambari arobaini na moja. Lilikuwa na kikaratasi chake tayari, na vikaratasi viwili vya njano vikilaliana, kwa haraka unaona kimoja. Ijumaa shangazi akalikunja, akalifunga, akalikabidhi.

Nambari arobaini na moja ni ya daktari wa meno.

Mtu huyu simchukii, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ana kliniki mtaa wa pili. Kila Jumatano analeta makoti matatu meupe, Ijumaa anayachukua. Ni msafi mpaka kwenye kucha, sauti yake ya chini, hajawahi kubishana kuhusu kitu. Udaktari aliusomea nje, miaka saba, kwa Kifaransa, ndiyo maana akiingia humwambia Kifungo *bonjour*, Kifungo naye anamjibu *bonjour, docteur*, basi, imeishia hapo. Ila shangazi masikio yake yalikuwa yanasikia zaidi ya hapo. Kwa mwaka mzima alikuwa anamwimbia mpwa wake wimbo mmoja. Mwanaume mwenye makoti matatu meupe si wa kuachwa apite. Watu wanaweza kuacha kusoma, wanaweza kuacha kusafiri, lakini meno hayataacha kuuma. Na kama mimi niko karibu anaongeza sauti kidogo, ili na ukuta wa fotokopi usikie.

Sasa rudi kwenye Jumanne.

Nilikuwa nimepeleka vikaratasi vipya. Nakuta daktari amekaa kwenye kiti cha plastiki, hana mfuko wa nguo, amevaa tai. Shangazi ameweka sindano chini, jambo ambalo halijawahi kutokea asubuhi. Mzee amesimama, mikono bado ina povu mpaka kwenye viwiko. Kifungo alikuwa ndani, nyuma ya pazia, nilikuwa nasikia pasi yake ikipumua.

Daktari alizungumza bila haraka. Alisema wazazi wake wako mbali, angewaleta, lakini aliona kwanza aje mwenyewe ajue kama ana sababu ya kuwasumbua. Alisema kwa mwaka mzima amekuwa akimtazama binti wa nyumba hii, na angeshakuja zamani, ila alijua yeye si mtu wa maneno mengi, na binti hakuwahi kumwonyesha chochote. Mpaka jana. Jana alivaa koti la tatu, akainama juu ya mdomo wa mgonjwa, pini ikamchoma hapa. Akaweka kidole kifuani, kushoto. Alipopindua akakuta hiki.

Akakiweka kwenye kaunta.

Shangazi akauliza kimeandikwa nini, na daktari akasoma kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayesoma majibu ya hospitali ambayo ni mazuri na hayaamini. "Ningekubali kama ungeniuliza." Akakunja mikono. "Basi mzee, nimekuja kuuliza."

Shangazi alitoa sauti ndogo kama birika linaloanza kuchemka. Akamwita Kifungo. Kifungo akatoka ameshika shati mkononi, akamwona daktari, akamwona shangazi, akakiona kikaratasi. Kisha akaniona mimi pale mlangoni na bunda langu la karatasi za njano. Aliniangalia tu, na safari hii nilimwona. Usiniulize kwa nini lilihitajika koti la mtu mwingine ili nione. Uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa umechoka, basi, kama mtu aliyeshagonga mlango mara nyingi na sasa anangoja tu kuona kama waliomo ndani ni wazima.

Shangazi akasema ukimya wa binti ni jibu, na binti mwenye heshima anyamaze vipi zaidi ya hapo. Akaanza kupanga siku.

Nitakwambia ukweli, mguu mmoja ulikuwa umeshatoka nje. Nilikuwa najiambia mimi nina nini. Kazi sina. Chumba ni cha mama. Makoti meupe sina hata moja. Yule anaweza kumpa maisha wiki hii hii, mimi naweza kumpa nane juu ya kumi. Pengine nikinyamaza nitakuwa nimemsaidia. Mtu ukiwa mwoga unapata hoja nzuri ajabu.

Mzee Dobi alifuta mikono kwenye aproni. Akakichukua kikaratasi, akakiinua kwenye mwanga. Kifaransa hajui hata cha kuombea maji. Lakini niliona macho yake yanapita kwenye maneno, yanasimama kwenye ile kijani. Akakitazama kwa muda. Kisha akanitazama mimi. Akakirudisha kaunta, akakaa kimya, na kimya cha yule mzee si kimya cha watu wengine, kile kina uzito wa nguo zilizolowa.

Nikaurudisha mguu ndani.

"Shikamoo mzee," nikasema, ingawa nilishamwamkia asubuhi. "Kikaratasi hicho ni changu."

"Chako?" shangazi akasema. "Kilikuwa kwenye koti. Wewe una koti gani?"

Nikawaeleza. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na mbele, vikaratasi, saa saba, mtihani, hanga, hasira. Nikasema niliandikiwa mimi, nikapewa mkononi, na mimi badala ya kusoma nikasahihisha. Kifungo alikuwa anatazama shati alilolishika. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata, na nilipomaliza akakivuta kikaratasi karibu yake.

"Hii nane juu ya kumi ni yako?"

"Ndiyo, daktari."

"Nilidhani amejisahihisha mwenyewe. Nikadhani hii nane kajipa kwa utani, nikampenda zaidi." Akakigeuza kikaratasi. "Msichana kakuandikia hivi, wewe ukampa nane."

"Kulikuwa na kosa, daktari."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Kosa nililiona," akasema. "Lakini nilikuja."

Hapo ndugu yangu sikuwa na pa kuweka uso.

Akamgeukia Kifungo. Hakumwuliza kwa Kifaransa. Alimwuliza kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, kama kikaratasi kile kilikuwa chake au hakikuwa chake, na kwamba jibu lolote atalipokea. Kifungo akainua kichwa.

"Samahani sana, daktari. Hakikuwa chako. Nilikibana pasipo mahali pake, nilikuwa na hasira. Wewe hujanikosea kitu."

Daktari aliitikia kwa kichwa mara mbili. Akasimama, akamshukuru mzee kwa kumpa kiti, akamwambia shangazi asijisikie vibaya. Kesho ni Jumatano, akasema, makoti ataleta kama kawaida. Alipofika mlangoni akasimama mbele yangu. Nilidhani atanipiga, na ningekubali, nisingehesabu hata ngumi.

"Kijana," akasema kwa sauti ile ile ya chini, "mgonjwa akifungua mdomo, usianze kuhesabu meno. Muulize kwanza anaumwa wapi."

Akaenda. Tai yake ilikuwa imepinda upande, na sikupata ujasiri wa kumwambia.

Shangazi ndiye aliyeanza. Alimwambia kaka yake mambo mengi ambayo sitayaandika yote, kwa sababu mengine ni kweli. Kwamba huyu kijana kutwa anakaa kwa mama yake kama kabati. Kwamba mapenzi ya vikaratasi hayalipi kodi ya nyumba. Na mwisho akasema lile ambalo naamini mtaa utaniimbia mpaka nizeeke: "Kaka, unaacha halisi, unashika kopi."

Mzee alikuwa anaangalia zile nguo zilizotundikwa. Akaenda akapindua kifua cha nguo ya kwanza. Akapindua ya pili. Kila nguo ya mbele ilikuwa na vikaratasi viwili. Akauliza binti yake hivi vimeanza lini, naye akajibu miezi mitatu. Akauliza kama kuna nguo yoyote iliyoungua katika miezi hiyo mitatu. Kifungo akasema hakuna. Mzee akafikiri.

Akaniuliza kama nina kazi. Nikasema sina. Akaniuliza kama najua nilikuwa nimeshatoka nje mguu mmoja. Nikasema najua.

"Niliiona kijani nikajua ni wewe," akasema. "Nilikuwa nangoja nione mguu wa pili utakwenda wapi." Akavuta pumzi, nikahesabu kwamba ameshatumia maneno ya wiki nzima. "Sasa sikia. Mimi sijaulizwa kitu, karatasi haikuandikwa kwangu. Binti yangu ana mtihani Jumamosi, na nyinyi wote mmempotezea asubuhi. Siku ukiwa na kazi, njoo kwa mlango wa mbele, ukae kwenye kile kiti, uulize kama alivyouliza yule. Utanikuta hapa hapa. Sijakwambia nitajibu nini."

Nikasema nimeelewa.

"Na wewe," akamwambia Kifungo, "kuanzia leo kitabu kije mezani. Ila pasi izimwe kwanza."

Akarudi kwenye mapipa yake. Shangazi akaichukua sindano, akashona kifungo kimoja kwa nguvu ambayo kifungo kile hakikuwa na kosa lolote la kuistahili.

Nikaingia nyuma ya pazia. Kifungo alikuwa amesharudi mezani, anakunja lile shati alilotoka nalo, mikono yake inakwenda yenyewe, kola, bega, mkono, bega, mkono. Nilikuwa nimetayarisha kitu kwa Kifaransa, kizuri, chenye *si* upande wake na *avais* yake. Nikafungua mdomo.

"Kwa Kiswahili," akasema bila kuinua macho. "Leo sitaki somo."

Basi nikasema kwa Kiswahili. Nikamwambia nilikuwa mjinga. Akasema hilo analijua, niendelee mbele. Nikamwambia sina kazi lakini Jumatatu naanza kuzunguka na vyeti vyangu, fotokopi si tatizo. Midomo yake ikasogea kidogo. Nikamwambia nimemtazama miezi mitatu kila saa saba, na kila siku nilikuwa naingia nimeshanyoosha shati langu kwa maji na kiganja ili asione mikunjo, na nilikuwa najidanganya kwamba ni kwa ajili ya heshima ya ualimu. Huko kaunta shangazi akakohoa. Nikashusha sauti.

"Nakuuliza sasa," nikasema. "Utakubali kuwa na mimi, ukiwa unajua vizuri nilivyo?"

Alimaliza kukunja shati. Akalilaza juu ya mengine, akalisawazisha kwa kiganja. Kisha akachukua kikaratasi kimoja kipya kwenye bunda nililoleta, akakiinamia na penseli, akaandika kwa muda mrefu kidogo, mkono mwingine umekinga nisione. Akaja mpaka mbele yangu. Akashika ukingo wa shati langu pale kwenye kifungo cha pili, akaupindua, akakibana ndani, upande wa kushoto. Vidole vyake vilikuwa na joto la pasi. Pini ikanigusa kidogo, nikastuka, naye akasema pole, lakini si ile pole ya kujutia.

"Usisome hapa," akasema. "Nenda kafanye kazi. Mimi nina kitabu."

Nilipita mbele ya shangazi nikiwa nimekaza kifua kama mtu aliyebeba yai. Dukani mama aliniuliza nimechelewa wapi, nikamwambia kwa dobi, akasema anaona. Nikaenda nyuma ya mashine, kule kwenye joto lake na harufu ya wino mkavu, nikapindua shati.

*Nambari 42. Mwenyewe: Kifungo. Hali: macho mazima, ila hayaoni vizuri. Ya kuchukuliwa Jumamosi, baada ya mtihani*

Nikasoma mara tatu. Mwishoni hakuweka nukta.

Penseli ya kijani ilikuwa pale pale kwenye kikombe chake. Niliichukua, unajua tena mazoea. Nikaishika kidogo, nikairudisha, kisha nikaenda kaunta kumhudumia mteja aliyekuwa anangoja na cheti chake mkononi.